Shujaa wa Katuni na Wazee wa Nalasi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imezoeleka midomoni mwa wafanyabiashara na makarani, lakini leo twapenda kuipeleka mahali ambapo haijazoeleka sana, yaani katika ensaiklopidia ya intaneti iitwayo Wikipedia. Ile ya Kiingereza ilianzishwa Januari 2001, na ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Humo mtu yeyote, awe mvuvi wa Kojani au karani wa wilaya, aweza kubonyeza neno «hariri» akaongeza sentensi au akasahihisha kosa, bila ya kuomba ruhusa kwa mkubwa yeyote.

Lakini asidhani msomaji kwamba ni soko lisilo na mwenyewe. Kila badiliko huandikwa katika historia ya ukurasa, pamoja na siku na saa yake, na mhariri mwingine aweza kulifuta mara moja. Kanuni kubwa ni moja: usiandike unachokijua, andika kinachoweza kuthibitishwa kwa maandishi yaliyokwisha kuchapishwa. Asiye na chanzo, neno lake halisimami.

Tutwae mfano wa shujaa wa katuni ambaye watunzi wake wamemhusisha na Afrika Mashariki yetu. Jina lake ni Storm, na jina la kuzaliwa ni Ororo Munroe. Alibuniwa na Len Wein, mwandishi, na Dave Cockrum, mchoraji, wote wawili wa Marekani, akatokea kwa mara ya kwanza mwaka 1975 katika kitabu cha katuni cha kundi la X-Men. Yasemekana katika hadithi hiyo kwamba baba yake ni Mmarekani na mama yake ni binti wa ukoo wa kifalme wa Kenya. Kwamba yeye huamuru upepo na mvua. Na kwamba watu wa Kenya walimwabudu kama mungu wakati wa ukame. Hapana mtu wa namna hiyo aliyepata kuzaliwa Kenya. Hata hivyo, ukurasa wake wa Kiingereza ni mrefu mno. Waeleza ni nani aliyemchora, katika toleo gani alibadilishwa mavazi, na ni waigizaji gani waliomwigiza. Kila neno lina chanzo chake, kwa kuwa maisha yake yote yamo katika karatasi zilizopigwa chapa.

Wahariri wa kurasa hizo wanastahili sifa. Wamejiwekea sharti kwamba habari za mtu wa kubuni ziandikwe kwa jicho la dunia halisi: kwanza nani aliyemtunga, lini na kwa nini, ndipo ifuate hadithi yenyewe, ili msomaji asichanganye ndoto na kweli. Na bidii yao haina mfano. Mwaka 2013 wahariri wa Kiingereza walibishana kwa maneno zaidi ya elfu 40 juu ya jambo moja tu, kama neno fulani katika jina la filamu ya Star Trek liandikwe kwa herufi kubwa au ndogo.

Sasa msomaji aufunge ukurasa wa Storm, aitafute Nalasi. Nalasi iko katika Wilaya ya Tunduru, Mkoa wa Ruvuma, mashariki ya mbali ya mji wa Songea, upande wa mpaka wetu na Msumbiji. Ni nchi ya korosho na ya Wayao. Makala za kata za Tanzania katika ensaiklopidia hiyo, na za Nalasi zimo, aghalabu hazizidi mistari michache: kwamba ni kata, ya wilaya fulani, yenye nambari fulani ya posta, na kwamba sensa ilihesabu wakazi kadha wa kadha. Hapo ndipo habari zinapokoma.

Tuseme mwalimu mmoja wa Nalasi ameliona pengo hilo, akachukua simu yake jioni moja. Anaandika jinsi kijiji kilivyopata jina, nani aliyechimba kisima cha kwanza, na jinsi watu walivyouvuka Mto Ruvuma wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964. Yote ameyasikia kwa wazee walioyaona kwa macho yao. Kesho yake anakuta maandishi yake yameondolewa, au yamewekewa alama kwamba hayana chanzo. Wakati huohuo, aliyeongeza rangi ya joho la Storm hakuguswa, maana alitaja toleo na ukurasa.

Je, tuilaani kanuni hiyo? La hasha. Bila ya kanuni hiyo, mwenye ugomvi wa shamba angeweza kujiandikia historia ya mipaka, na mwenye chuki angeweza kuchafua jina la jirani yake mbele ya dunia nzima. Mwaka 2011 watafiti walifanya jaribio huko India na Afrika Kusini la kurekodi masimulizi ya watu na kuyatumia kama vyanzo. Lilikuwa jaribio jema, lakini kanuni ya jumla ilibaki palepale.

Ila tuitazame vizuri ile mistari michache ya Nalasi. Nambari ya posta imetoka wapi? Imetoka serikalini. Idadi ya watu imetoka wapi? Imetoka katika sensa, nayo ni kazi ya serikali. Maana yake ni kwamba dunia inaijua Nalasi kwa kadiri ileile serikali ilivyochapisha, wala haizidi hapo. Basi lawama tusiwatupie wahariri wa ng'ambo, bali tujiulize wenyewe.

Haya ni ya Nalasi, na ni yetu sisi wa visiwani pia. Tumbatu, Kojani na Chole wamejaa mabaharia, waundaji wa majahazi na waganga wa miti shamba ambao elimu yao haijapata kutiwa katika kitabu. Hata katika katuni, tulikuwa na Chakubanga wetu, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru na kuwachekesha watu wazima katika miaka ya 1960 na 1970. Anayetaka kumwandika leo kwa ukamilifu hana budi kufunga safari hadi kwenye rafu za magazeti makuukuu, ilhali mwandishi wa Storm humaliza kazi yake akiwa kitandani.

Kwa hiyo twawaomba watumishi wa serikali mambo matatu, nayo si ya gharama kubwa. Kila halmashauri imwagize ofisa utamaduni wake akusanye historia fupi za kata, azisahihishe mbele ya wazee, kisha zipigwe chapa na kutiwa jina la mwandishi na mwaka. Nakala zipelekwe maktaba, kama Sheria ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975 inavyotaka kwa machapisho yote, na huku Zanzibar zifike Nyaraka za Taifa, Kilimani. Na zile zisizo na siri zifunguliwe katika intaneti, ili mwalimu wa Nalasi apate cha kutaja.

Wananchi nao wasingoje barua kutoka juu. Mwenye babu na akae naye, aandike.

Mwaka 1992 Superman, shujaa mashuhuri kuliko wote wa katuni, aliuawa katika kitabu. Mwaka uliofuata watunzi wake wakamrudisha hai, na tarehe zote mbili zimehifadhiwa vizuri. Mzee wa Nalasi akifa harudi, na alichokuwa akikijua huzikwa pamoja naye.