Kipokezi cha Stirio cha Vyumba Vingi: Istilahi Zake na Namna ya Kukichagua

Miongoni mwa vyombo vilivyoingia majumbani mwetu bila ya kuja na majina yao ni kile kinachopeleka muziki na habari katika vyumba kadhaa kwa wakati mmoja. Mwenye duka hukiita redio, fundi hukiita amplifaya, vijana hukiita muziki au sabufa, na mfasiri aliyepewa kitabu cha maelezo yake hubaki akijiuliza ashike lipi. Katika makala haya tunakusudia kueleza chombo hicho ni nini, huchaguliwa vipi, na ni istilahi zipi zitakazomwezesha mnunuzi kusoma maelezo yake kwa Kiswahili bila ya kupata hasara. Tunasema hasara kwa makusudi. Neno moja likifasiriwa kombo katika maelezo hayo, latosha kukiunguza chombo chenyewe.

Istilahi njema hufuata kazi ya kitu. Kwa hiyo yafaa kwanza tuifuate sauti katika safari yake. Kipokezi ni vyombo vitatu ndani ya kasha moja. Cha kwanza hunasa mawimbi ya redio. Cha pili ni swichi ya kuchagulia chanzo cha sauti, kiwe redio, santuri, kanda, diski au simu. Cha tatu huukuza umeme dhaifu unaobeba sauti mpaka uwe na nguvu za kutikisa spika; hiki ndicho kikuza sauti, yaani amplifaya. Spika zenyewe hukaa nje ya kasha na kuunganishwa nalo kwa waya.

Hapa ndipo neno letu la siku nyingi, kipaza sauti, linapotutatiza. Limetumika kwa maikrofoni anayoishika mhutubu, limetumika kwa spika inayotundikwa juu ya mti, na wengine wamelitumia hata kwa amplifaya. Katika mkutano wa hadhara hakuna anayepotea, kwa sababu vitu vyenyewe vinaonekana. Katika kitabu cha maelezo hali ni nyingine: ukimwambia msomaji aunganishe kipaza sauti nyuma ya kipokezi, hajui kama anaingiza sauti au anaitoa. Tunapendekeza maikrofoni, kikuza sauti na spika, kila moja kwa kazi yake. Wapo wanaohofu kwamba spika itachanganywa na Spika wa Bunge. Hofu hiyo haina msingi: Spika amefungua kikao, lakini spika imeungua. Upatanisho wa kisarufi umekwisha kata shauri.

Neno stirio lina asili ya Kiyunani, nalo lahusu kitu yabisi, chenye umbo kamili. Mhandisi Alan Blumlein aliomba hataza ya mbinu hii huko Uingereza mwaka 1931. Msingi wake ni sauti mbili zinazotofautiana kidogo, moja ya kushoto na moja ya kulia, hata msikilizaji ahisi kwamba mwimbaji yu mbele yake na ngoma iko pembeni. Baadhi ya wafasiri huandika mkondo wa kushoto na mkondo wa kulia. Lakini mkondo ni istilahi ya umeme, na maelezo ya chombo hiki yamejaa umeme. Upande wa kushoto na upande wa kulia yatosha. Kutokana na maana hiyo, mnunuzi na aelewe kwamba spika ya kushoto ikiwekwa sebuleni na ya kulia jikoni, hakuna chumba kitakachopata stirio. Kila kimoja kitapata nusu ya muziki. Kila chumba chataka jozi yake.

Kuhusu vyumba vingi, zipo namna mbili ambazo hazina budi kutenganishwa. Baadhi ya vipokezi vina nafasi za jozi mbili za spika, A na B, nazo zote hutoa sauti ile ile. Vingine vina sehemu ya pili inayojitegemea, hata mzee akasikiliza taarifa ya habari sebuleni na vijana wakasikiliza taarabu chumbani. Sehemu ya namna hiyo wengine huiita kanda. Sisi hatuoni kuwa neno hilo lafaa, kwani kanda ya pili kwa msomaji wa kawaida ni kaseti. Twapendekeza eneo: eneo la kwanza, eneo la pili. Mnunuzi aulize pia kama eneo la pili hupokea vyanzo vyote, kwa kuwa katika baadhi ya vipokezi hupokea vichache tu.

Sasa tufike penye hatari. Kila spika ina ukinzani wake, unaopimwa kwa omu, na spika nyingi za nyumbani ni za omu 8. Ukiunganisha spika mbili za namna hiyo sambamba katika upande mmoja wa kikuza sauti, ukinzani hauongezeki kuwa 16, bali hupungua kuwa 4. Ukiunganisha nne, huwa 2. Umeme hupata njia nyingi zaidi za kupita, na kikuza sauti hubeba mzigo mkubwa zaidi. Kwa volti 20, spika moja ya omu 8 hutaka ampea 2.5, sawa na wati 50. Omu 2 hutaka ampea 10, sawa na wati 200. Kikuza sauti kilichoundwa kwa wati 50 hakiwezi kuhimili hayo: ama kitajizima, ama kitaungua.

Ndiyo maana nyuma ya vipokezi vingi huandikwa onyo la namna hii: A au B peke yake, kila spika isipungue omu 4, A pamoja na B, kila spika isipungue omu 8. Mfasiri asiyejua kwamba namba ndogo ndiyo mzigo mkubwa huenda akaandika isizidi, akidhani anamkinga mnunuzi. Aidha, akiandika A na B mahali pa A au B, ameruhusu jambo ambalo kiwanda kimelikataza. Makosa hayo hayaonekani kwa mhariri wa lugha peke yake, maana sentensi zote mbili ni Kiswahili safi.

Mwenye vyumba vinne, basi, asiunganishe jozi nne moja kwa moja. Anunue kipokezi chenye maeneo yanayojitegemea, au aongeze kikuza sauti kingine, au atumie kisanduku cha kugawia spika kinachotunza ukinzani. Siku hizi zipo pia spika zisizotumia waya wa sauti, kila moja ikiwa na kikuza sauti chake ndani. Hizo hazina hesabu ya omu kwa mnunuzi, ila kila moja yataka umeme wake, wa soketi au wa betri.

Wati nazo zataka uangalifu. Wati endelevu ni nguvu ambazo chombo huweza kuzitoa mfululizo. Wati za kilele ni za nukta moja tu, na ndizo zipendwazo kuandikwa kwa herufi kubwa juu ya maboksi. Tena, kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi kuwa sauti imekuwa kubwa maradufu, zahitajika wati takriban mara kumi. Asiyelipia namba hizo kubwa hapotezi kitu sebuleni mwake.

Kwa hiyo mnunuzi aulize kwa utaratibu: vyumba vingapi, sauti moja au tofauti, omu ngapi, wati endelevu ngapi. Nasi tulio wafasiri na walimu tumpe maneno ya kuulizia. Kabla ya kuidhinisha tafsiri ya maelezo ya chombo, msomee fundi asiyeyaona maelezo ya asili, kisha umtake aunganishe waya kwa kufuata Kiswahili chako. Akisita, sahihisha neno, usimlaumu fundi.