Simu ya Askari Baada ya Msiba

Mwezi Mei mwaka 2020 mwanamieleka wa Kijapani, Hana Kimura, alijiua akiwa na umri wa miaka 22. Alikuwa amejulikana ndani na nje ya nchi yake kwa kushiriki Terrace House, kipindi cha televisheni ambamo vijana kadhaa waliishi katika nyumba moja, na mambo yao ya kila siku yakapigwa picha na kuonyeshwa kwa watazamaji. Ugomvi mdogo, uliotokana na vazi lake la mieleka kuharibika katika kufuliwa, ulionyeshwa katika kipindi hicho. Tangu hapo alimiminiwa matusi katika mitandao ya kijamii na watu ambao wengi wao hawakupata kumwona kwa macho.

Huenda askari aliye zamu Gisenyi akauliza jambo la Tokyo linamhusu nini. Linamhusu sana. Habari ya namna hiyo humfikia simuni saa ile ile inapowafikia Wajapani, na katika mji ule wa mpakani, ambako Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa husikika katika soko moja, neno huvuka kwenda Goma na kurudi likiwa limeongezwa chumvi kabla redio haijasoma taarifa. Zaidi ya hayo, msiba kama huo unapotokea katika eneo lake, mtu wa kwanza kuitwa ni polisi. Yeye ndiye anayeingia chumbani wakati jamaa wamesimama nje, na simu yake imo mfukoni.

Tokea zamani wataalamu wamechunguza kinachotokea baada ya mtu mashuhuri kujiua. Mwigizaji wa Marekani Robin Williams alipofariki mwezi Agosti mwaka 2014, vyombo vingi vya habari vilieleza kifo chake kwa undani uliopita kiasi. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba kati ya Agosti na Desemba mwaka ule, idadi ya watu waliojiua nchini humo ilizidi iliyotarajiwa kwa karibu asilimia 10, yaani watu zaidi ya 1,800. Hao hawakuwa jamaa zake. Walikuwa watu waliokwisha kulemewa na mizigo yao wenyewe, wakaisikia habari ikisimuliwa kana kwamba kifo ni njia ya kutokea.

Kinyume chake pia kimethibitika. Mjini Vienna, Austria, magazeti yalikuwa yakiandika kwa vishindo juu ya watu waliojiua katika treni za chini ya ardhi. Mwaka 1987 wataalamu waliwaomba waandishi waache kutaja njia, waache picha, waache vichwa vya habari vikubwa. Waandishi walikubali, na matukio hayo yakapungua kwa takribani robo tatu, yakabaki chini katika miaka iliyofuata. Reli ilikuwa ile ile na abiria walikuwa wale wale; kilichobadilika ni maneno. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutoa miongozo yake kwa waandishi wa habari mara kadhaa, wa karibuni zaidi mwaka 2023, na msingi wake ni huo huo wa Vienna.

Siku hizi, hata hivyo, mwandishi wa habari si mtu wa gazeti peke yake. Kila mwenye simu anachapisha. Yafaa basi kuangalia maneno yenyewe. Kiswahili kina tabia ya kuitia njia ya kifo ndani ya kitenzi, kiasi kwamba msemaji hutangaza namna mtu alivyokufa kabla hata ya kutaja jina lake. Neno «amefariki» linatosha. Anayeandika kwamba marehemu alijiua kwa ajili ya mapenzi, au deni, au kushindwa mtihani, anasema asilolijua, maana sababu za jambo hili huwa nyingi na zimeshikana. Tena humfundisha kijana mwenye deni kama lile kwamba deni huishia hivyo. Barua ya marehemu, ikiwapo, ni mali ya familia na ya upelelezi. Picha ya mahali pa tukio isitoke kwa hali yoyote ile, na ikifika kwa askari kutoka kwa mwenzake, ifutwe badala ya kupelekwa mbele. Mara nyingi imetokea mama akapata habari ya mwanawe kwa picha iliyopita katika makundi ya simu, kabla ofisa yeyote hajabisha hodi nyumbani.

Mji wa Gisenyi hauhitaji somo refu kuhusu uzito wa neno lililochapishwa. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura aliyezaliwa Rubavu, alihukumiwa mwaka 2003 na Mahakama ya Kimataifa kuhusu Rwanda, iliyokuwa Arusha, kwa sehemu aliyoitenda katika mauaji ya kimbari ya Watutsi ya mwaka 1994. Uovu ule ni wa kiwango kingine kabisa, na haulinganishwi na matusi ya mitandaoni. Lakini wenyeji wa huko hawawezi kuambiwa kwamba maneno ni maneno tu.

Linabaki jambo moja ambalo kambini halizungumzwi sana. Habari ya kifo cha nyota wa televisheni inapofika katika bweni la askari, mmoja huandika kwamba marehemu alikuwa mwoga, mwingine akacheka, wa tatu akaongeza kwamba mtu mwenye fedha zote zile hakuwa na haki ya kulia. Marehemu hayasomi hayo. Anayeyasoma ni askari wa kitanda cha nne, ambaye halali vizuri tangu arudi kutoka lindo fulani, wala hajamwambia mtu. Hapo anapata jibu la swali ambalo hakuthubutu kuliuliza: akisema, ataitwa hivyo hivyo. Wanyarwanda husema kwamba machozi ya mwanamume hutiririka kuelekea tumboni, na hakuna mahali ambapo msemo huo hutiiwa kuliko penye sare. Uchunguzi wa afya ya akili uliofanywa Rwanda mwaka 2018 ulikuta huzuni kubwa, ile inayoitwa kwa Kinyarwanda agahinda gakabije, kwa watu 12 katika kila 100, na kwa 35 katika kila 100 miongoni mwa walionusurika mauaji ya kimbari. Ni vigumu kuamini kwamba kombania yoyote haina hata mtu mmoja wa namna hiyo.

Kwa sababu hiyo jibu la mwenzake ni jambo la kikosi. Akiandika pole kwa familia na kunyamaza, amefanya vema. Akiongeza kwamba anayelemewa anaweza kusaidiwa, na akataja mahali pa kwenda, amefanya vema zaidi. Na anayemwona mwenzake amebadilika amwulize waziwazi, faraghani, kama anafikiria kujiua; wataalamu wanakubaliana kwamba swali hilo halimtii mtu wazo jipya, bali humfungulia mlango wa kusema. Kamanda anayeambiwa «Afande, silali» asimjibu kwa kwata.

Sheria nazo zinasogea. Japani iliongeza adhabu ya matusi ya hadharani mwaka 2022, kwa sababu ya kifo cha Kimura, kutoka kizuizi cha chini ya siku 30 hadi kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinapingana na Katiba. Polisi anayemkuta mtu kama huyo akingali hai ana mgonjwa mkononi mwake.

Rubavu ina hospitali ya wilaya hapo hapo Gisenyi, na namba ya simu ya huduma za afya, 114, hupigwa bila malipo.