Ukibadilisha Injini, Pima Treni Nzima

Fremu ya kichwa cha treni cha dizeli ikitunzwa vizuri hudumu miaka 40 na zaidi, lakini injini iliyomo huchakaa mapema na vipuri vyake huadimika sokoni. Ndiyo maana mashirika mengi ya reli huona heri kukiunda upya kichwa kikuukuu kuliko kununua kipya. Nchini Uingereza, vichwa vya Class 56, vilivyoanza kutengenezwa miaka ya 1970, vimewekewa injini za chapa ya EMD huko Longport na kuitwa Class 69. Huo ni uamuzi wa busara, mradi upimaji wa usalama uwe mpana kuliko kazi ya fundi. Kichwa kilichobadilishwa kinapaswa kupimwa chote, pamoja na breki, nyaya na njia kitakayopita, hata kama kilichoguswa ni kifaa kimoja.

Sababu ni kwamba ndani ya kichwa cha treni hakuna kifaa kinachofanya kazi peke yake. Injini ikiwa nzito zaidi, uzito unaobebwa na kila ekseli hubadilika, na reli au daraja lililostahimili mzigo wa jana huenda lisistahimili wa leo. Injini hiyohiyo ndiyo huendesha kompresa inayojaza upepo wa breki. Ikinguruma kwa kasi tofauti, huenda upepo ukajaa kwa kasi tofauti pia. Mfumo mpya wa umeme unaweza kuvuruga mitambo ya ishara inayotambua treni iko wapi, na bomba la moshi lililohamishwa linaweza kupeleka joto karibu na mafuta.

Msiba wa Lac-Mégantic nchini Kanada unalionyesha hili kwa uchungu. Mwezi Oktoba 2012, injini ya kichwa namba 5017 ilitengenezwa kwa haraka kwa kutumia gundi ngumu isiyofaa kwa kazi hiyo. Gundi iliposhindwa, mafuta ya injini yalivuja na usiku wa Julai 5, 2013 moto ukawaka, treni iliyovutwa na kichwa hicho, yenye matangi 72 ya mafuta ghafi, ikiwa imeegeshwa mteremkoni. Wazima moto waliizima injini, kompresa ikasimama, upepo wa breki ukavuja taratibu, na breki za mkono zilizokazwa hazikutosha. Treni iliporomoka hadi mjini na kuua watu 47. Wachunguzi walitaja sababu 18, mojawapo ikiwa kifaa cha usalama ambacho nyaya zake hazikuunganishwa ili kifunge breki za treni nzima injini inapozimika. Atakayepima injini peke yake hawezi kuziona nyaya hizo.

Wapo wanaosema kwamba kichwa cha zamani kimeshathibitishwa na miaka ya kazi. Lakini kilichothibitishwa ni mashine iliyokuwapo kabla ya kubadilishwa. Wengine husema safari moja ya majaribio inatosha. Safari hiyo huonyesha kwamba treni inakwenda. Haionyeshi itakavyokuwa siku injini itakapozimika mlimani ikiwa na mabehewa mazito. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 402 ya 2013 imeliona hilo: kati ya mambo inayotaka yapimwe ni iwapo kuna mabadiliko mengine yaliyotangulia, kwa sababu mabadiliko madogo hulimbikizana. Badiliko likionekana kuwa zito, mchakato wa kupima hatari hukaguliwa na mpimaji huru.

Hoja nzito zaidi ni gharama, hasa kwa mashirika yenye mtaji mdogo. Ni kweli upimaji huru una bei, lakini unaweza kulingana na ukubwa wa badiliko, na kumbukumbu nzuri za karakana hupunguza kazi. Tanzania inajua bei ya treni isiyozuilika mteremkoni: mwaka 2002, huko Igandu, treni ya abiria iliserereka kinyumenyume ikagonga treni ya mizigo, na watu 281 wakafa. Kwa hiyo kila kichwa kinachotoka karakana kikiwa kimebadilishwa kiambatane na faili linaloeleza kilichoguswa, kilichopimwa na aliyeidhinisha, na mpimaji asiwe chini ya meneja anayekisubiri kwa hamu kikavute mizigo. Bila faili hilo, kisiruhusiwe kuvuta hata behewa moja.