Kijiji chenye amana za mabilioni

MADHAPAR, kijiji cha Kutch katika jimbo la Gujarat, India, hakina bandari. Hata hivyo, taarifa za miaka ya 2010 zilikitaja kuwa na matawi 17 ya benki na amana za rupia bilioni 50 hivi.

Fedha hizo hazikutoka shambani pekee. Wengi wa wenyeji, hasa wa jamii ya Leva Patel, walivuka bahari kwenda Afrika Mashariki kufanya kazi za ujenzi na biashara. Baadhi walihamia Uingereza, na mwaka 1968 wakaanzisha chama cha wanakijiji London. Akiba waliituma nyumbani.

Umoja wao haukuishia kwenye fedha. Desemba 1971, uwanja wa ndege wa Bhuj uliposhambuliwa katika vita na Pakistan, wanawake wapatao 300, wengi wao wa Madhapar, waliutengeneza kwa saa 72.

Kwa mwekezaji, hesabu iko wazi. Amana ya muda maalumu huleta riba, lakini haifungui duka wala karakana. Wajukuu waliozaliwa ughaibuni wakiacha kutuma, kijiji kitabaki na kile tu kilichojengwa.