Dume Mmoja kwa Zizi Zima

Katika nyanda za juu za Kenya, kuanzia Kinangop hadi Molo, mfugaji mdogo wa kondoo wa sufu huwa na majike ishirini au thelathini na dume mmoja wa Corriedale, Merino au Hampshire Down. Jike mmoja asiposhika mimba, hasara ni mwanakondoo mmoja, pengine wawili. Dume akishindwa kazi, zizi zima hukosa uzao wa msimu. Hata hivyo ndiye anayesahaulika: hazai wala hanyonyeshi, basi huachwa na sufu yake na kwato zake mpaka siku ya kupandisha. Ninavyoona mimi, kumnyoa na kumkagua dume ni kazi ya uzazi, na tarehe yake ipangwe kwa hesabu ya uzazi.

Hesabu hiyo huanzia kwenye joto. Mwili wa kondoo una nyuzi 39 hivi, lakini korodani hutengeneza mbegu vizuri zikiwa na joto la chini ya hapo kwa nyuzi 4 hadi 6. Ndiyo maana zinaning'inia nje. Sufu ndefu, hasa inayofunika mfuko wa korodani, huzuia sehemu hiyo kupoa jua linapokuwa kali. Homa nayo huleta madhara yaleyale. Na kwa kuwa mbegu huchukua karibu miezi miwili kuumbwa na kukomaa, dume huweza kukosa nguvu ya uzazi wakati mfugaji ameshausahau ugonjwa wenyewe. Mimba ya kondoo ni miezi mitano. Anayetaka wanakondoo wa Aprili, majani yakichipua kwa mvua za masika, atapandisha Novemba. Basi anyoe Septemba. Wanaohofia kwamba dume aliyenyolewa ataumwa kwa baridi wana sababu, ila kufikia Septemba ukali wa Julai na Agosti umepungua, na banda kavu lisilopitisha upepo litamhifadhi siku za mwanzo.

Dume asilishwe tangu jioni ya kuamkia kunyolewa, maana tumbo lililojaa humbana pumzi anapoketishwa. Sufu iwe kavu, ngozi ivutwe kabla ya mkasi kupita, na karibu na korodani mkono uende taratibu. Sufu huficha ukondefu; ikiondoka, mbavu husema kweli, na bado ipo miezi miwili ya kumnenepesha. Akiwa ameketi hivyo hivyo, kwato hupunguzwa, na korodani hupapaswa kuona kama zinalingana na hazina vinundu. Kisha ukope wa chini hufunuliwa: wekundu ni afya, weupe mara nyingi ni ishara ya minyoo wanaonyonya damu. Hapo ndipo dawa inapohitajika. Kuwanywesha kondoo wote kila mwezi, wagonjwa na wazima, kunalea minyoo sugu.

Wapo watakaosema sufu hailipi, na mara nyingi ni kweli: fedha yake haifidii hata ujira wa mnyoaji. Lakini gharama hiyo ni ya wanakondoo, na huko ndiko ihesabiwe. Hoja nzito zaidi ni ya wanaotaka tufuge Dorper, aina iliyoundwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930, au kondoo mwekundu wa Kimaasai. Penye joto na minyoo mingi nakubaliana nao. Utafiti wa miaka ya 1990 katika pwani ya Kenya ulionyesha kwamba kondoo wa Kimaasai huhimili minyoo kuliko Dorper. Hata hivyo dume wa aina hizo naye ana kwato, kope na korodani za kukaguliwa. Wengine huona nafuu kuazima dume wa jirani, na kweli husaidia dume asipande binti zake. Ila mgeni huja na minyoo na magonjwa ya kwato ya kwao, hivyo atengwe wiki tatu kwanza, akaguliwe na kutibiwa. Maombi kwa jirani yapelekwe mapema, Septemba hiyohiyo, kabla jike wa kwanza hajaanza kutafuta dume.