Matangazo Yamehamia Kwenye Simu: Wapiga Chapa Waende Wapi?



Anayepita Barabara ya Nasser mjini Kampala husikia mashine kabla ya kuziona. Hapo wenzetu wa chapa hutoa kalenda, mabango, kadi za arusi na vikaratasi vya matangazo. Nyuma ya kila karatasi kuna anayechanganya wino, anayelisha mashine, anayekata, anayekunja, na anayebeba mzigo.

Machi 2020 serikali ilifunga shule na kusimamisha usafiri wa abiria kwa sababu ya korona. Biashara zililala. Waajiri walipotafuta pa kupunguza, waligusa mapema fungu la matangazo. Biashara zilipoamka, fungu hilo halikurudi lote kwenye karatasi. Sehemu yake ilikwenda mtandaoni.

Hatumlaumu mwenye duka. Tangazo la simu huanza kwa fedha kidogo na husimamishwa saa yoyote. Lakini shilingi iliyolipwa Nasser ilizunguka hapa hapa: ilimfikia mkata karatasi, mama wa matoke na mwenye bodaboda. Shilingi inayolipwa kampuni kama Google huvuka bahari. Tangu Julai 2023 sheria inatoza asilimia 5 ya mapato ya makampuni ya nje yanayouza huduma za mtandao nchini. Kodi hiyo huenda serikalini. Haimrudishii mpiga chapa kazi yake.

Wewe uliye kwenye sukari Kakira au chai Fort Portal utauliza, yanihusu nini? Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mashine za kuchuma chai zimeshaingia mashambani.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ni ngao yetu sote. Mwajiri anayekusudia kuachisha watu 10 au zaidi katika muda wa miezi 3, kwa sababu za uchumi au mitambo, sharti awaarifu viongozi wa chama wiki 4 kabla, aeleze sababu na idadi, na amwandikie Kamishna wa Kazi. Aliyetumika mwaka 1 hadi 5 ana haki ya notisi ya mwezi 1. Miaka 5 hadi 10, miezi 2. Miaka 10 na zaidi, miezi 3.

Lakini katika karakana ndogo wengi huajiriwa kwa siku, bila barua. Jioni mtu huambiwa, "Kesho usije." Hana chama cha kuarifiwa, wala karatasi ya kuonyesha alianza lini. Ajabu iliyoje: anayechapa barua za watu wote hana barua yake mwenyewe!

Basi tufanye haya. Kila mmoja adai barua ya ajira. Asiye mwanachama aingie chamani. Na kila mkataba wa pamoja useme kwamba mitambo mipya ikija, wafanyakazi waliopo wafundishwe kwanza, kabla ya mtu kuachishwa.

Karatasi ikipungua, haki isipungue. Umoja ni Nguvu!