Faili Ulilofuta Bado Lipo

Wenzangu wakiniuliza Linux ya kwenye flashi inakumbuka vipi, huwajibu hivi: tandaza plastiki angavu juu ya ramani ya barabara ya Mbeya–Iringa, kisha chora. Plastiki imechorwa, ramani haijaguswa. Ndivyo ilivyo OverlayFS, iliyoingia kwenye kerneli ya Linux toleo 3.18 mwaka 2014. Tabaka la chini ni la kusoma tu. Ukibadili faili la chini, kerneli hulinakili kwanza tabaka la juu. Ukilifuta, huweka alama ya kulificha, kama kufunika Makambako kwa wino; chini lipo palepale. Sasa angalia: flashi nyingi za namna hii huweka tabaka la juu kwenye RAM. Umeme ukikatika maabara, ripoti yako ya fildi kwisha habari yake. Hifadhi kwingine mapema.